Kivuli cha saa kumi: shajara ya mradi wa studio

Niko mwaka wa tatu wa usanifu majengo, Dar es Salaam. Studio ya mwaka huu ina mazoezi matatu yanayofuatana: mwanga, muundo, halafu eneo la umma. La tatu lazima lijengwe kweli, kwa vipimo vyake halisi, mahali ambapo watu wanapita. Nitaandika hapa kila hatua inapokwisha. Yaliyokwenda vizuri nitayapitia haraka, maana hayo hata vitabuni yapo. Niliyokosea nitayaeleza kwa urefu, pamoja na pesa iliyopotea.

18 Novemba 2023. Chumba cha mwanga

Zoezi la kwanza: chumba cha mita 4 kwa 6, mtu asome ndani bila taa na bila jua kumpiga usoni. Modeli ya kadibodi kwa skeli 1:20, yaani sentimita 20 kwa 30. Paa nimelifanya la kubandua ili nijaribu matundu mbalimbali: mpasuo mmoja mrefu, matundu mengi madogo kama ya tofali za matundu, na dirisha la juu upande mmoja.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye kona. Kadibodi hata ukiigundisha vizuri inavujisha mwanga kwenye maungio, na uvujaji mdogo kwenye modeli ni kama ufa wa inchi mbili kwenye jengo. Nilibandika utepe mweusi nje, kona zote.

Kosa la pili lilinila siku mbili. Nilitoboa tundu la ukubwa wa lenzi ya simu, nikapiga picha 40 hivi za ndani. Zote zilitoka na mwanga uleule. Mpasuo, matundu, dirisha: hakuna tofauti. Nikaanza kuandika ripoti kwamba chumba hiki hakijali kimetobolewaje. Kumbe simu inajirekebisha yenyewe kila picha. Penye giza inaongeza, penye mwanga inapunguza. Dawa: bonyeza kioo na ushikilie kidole mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha piga picha zote bila kukifungua. Nikaweka na kipande cha karatasi nyeupe ndani, mahali palepale kila mara, kiwe cha kulinganishia. Tofauti zikajitokeza papo hapo. Mpasuo mrefu ulikuwa mbaya kuliko yote, unachora mstari mkali mezani halafu kona zote giza.

Gharama: kadibodi, gundi na nyembe za kisu, shilingi 14,500.

9 Desemba 2023. Kuhesabu watu uwanjani

Kwa zoezi la tatu tumepewa kazi ya watu watatu watatu. Kundi letu litajenga paa la kivuli kwenye kiwanja kidogo cha mtaa huku Temeke, kati ya kituo cha daladala na safu ya fremu za maduka. Kuna mwarobaini mmoja, fundi viatu, bodaboda wanaogombania ukuta wa duka, wazee wa drafti, na mama lishe mwenye meza moja na benchi moja.

Leo nilikaa pale kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kila saa ikitimia naweka alama kwenye ramani: nani amekaa wapi. Katikati ya kiwanja hakukaa mtu kutwa nzima. Benchi la mama lishe lilihama mara nne. Analikokota mwenyewe, mguu mmoja kwanza halafu mwingine, bila kukatisha mazungumzo. Ardhi kuzunguka mwarobaini imejaa mashimo madogo ya miguu ya benchi hilo, mawili mawili, mengine yameingia ndani kama kidole.

Kwenye daftari niliandika hivi, nanukuu ujinga wangu mwenyewe: "Benchi halina mahali maalumu. Mradi ulipatie mahali pa kudumu."

Wazo la kwanza la paa tulilichukua kwenye Soko la Kariakoo la Beda Amuli, lile lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, inakusanya maji ya mvua na kuyashusha, na kwa juu inaachia mwanga na hewa. Soko liliungua Julai 2021, kwa hiyo tulisoma picha na michoro. Sisi tukachora miavuli miwili midogo ya mbao. Ilipendeza sana kwenye karatasi. Mhadhiri akauliza maji ya mvua yakishuka kwenye nguzo yanakwenda wapi, tukatazamana. Tulikuwa tumebeba umbo, sababu tumeiacha Kariakoo.

Tumerudi kwenye paa bapa la mita 3 kwa 6, juu mita 2.4, upande mrefu ukifuata barabara, ambayo hapa inakwenda kaskazini na kusini.

20 Januari 2024. Chati ya jua

Kwa anayetaka kuiga, njia hii ni rahisi na haihitaji kompyuta yenye nguvu. Unachapa chati ya saa ya jua ya mahali pako: karatasi yenye mistari ya tarehe na nukta za saa, na katikati unasimamisha pini ya urefu uliotajwa. Unaibandika bapa kwenye ubao wa modeli, upande wa kaskazini wa chati ukilingana na kaskazini ya modeli. Halafu unatoka juani na kuinamisha ubao mzima mpaka ncha ya kivuli cha pini iguse, tuseme, 21 Juni saa kumi jioni. Hapo kila kivuli ndani ya modeli yako ni kivuli cha siku hiyo na saa hiyo. Dakika kumi tu unazungusha mwaka mzima mkononi.

Nilipoweka ubao bapa mezani kujaribu tarehe ya leo, kivuli cha pini kilipaswa kuwa sentimita 1.5 mchana jua likiwa juu kabisa. Kikatoka 0.7. Nikasema pini imepinda. Nikakata nyingine. 0.7. Nikasema basi meza imeinama. Mwelekeo ulikuwa sahihi, kivuli kilianguka kaskazini kama chati ilivyosema, nikajiridhisha kwamba tofauti ni ya mkono wangu. Tukachora vivuli vya mwaka mzima kwa chati hiyo na kupanga mabenchi.

4 Machi 2024. Msumari

Hapa Dar tuko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Leo nilipigilia msumari wa inchi nne kwenye ubao, ukabaki umetokeza sentimita 8. Nikaupima kwa timazi ili usimame wima, nikauweka uani na kusubiri.

Saa sita kamili bado kulikuwa na kivuli. Hilo nililitegemea. Saa zetu za ukutani zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, sisi tuko karibu 39, hivyo jua linachelewa dakika 23, na mwezi huu linachelewa tena dakika 12 hivi juu yake. Saa sita na dakika 35 kivuli kilikwisha. Msumari ulisimama bila kivuli hata cha unene wa uzi. Binti wa jirani, ana miaka sita, akapitisha mkono kuona kama jua lipo kweli.

Chati yangu ilisema leo, saa hiyohiyo, kuwe na kivuli cha karibu sentimita 2 kuelekea kaskazini.

Nikarudi kwenye programu niliyochapia. Inauliza latitudo. Kaskazini ya ikweta ni namba chanya, kusini ni hasi. Nilikuwa nimeandika 6.8 bila alama ya kutoa. Wiki sita nilikuwa nasanifu kivuli cha mji mwingine, huko ng'ambo ya pili ya ikweta. Na ubaya wa kosa hili ni kwamba linajificha: Juni jua linakuwa kaskazini kwenye chati zote mbili, Desemba linakuwa kusini kwenye zote mbili, kwa hiyo ukiangalia mwelekeo tu hushtuki. Kinachobadilika ni kiasi. Nyuzi 60 za kweli za jua la mchana wa Juni zilikuwa zimeandikwa 73, na 73 za Desemba zikaandikwa 60. Pini ya Januari ilinieleza mara mbili, nikailaumu meza.

Chati mpya: shilingi 500. Kuchapa upya michoro yote: 18,000, imo kwenye jumla ya uchapaji huko chini. Kwa unayeiga: msumari kwanza, chati baadaye.

23 Machi 2024. Paa limezungushwa

Kwa chati sahihi tulikuta jambo ambalo paa lolote linalo na sisi hatukuliwazia. Mwezi huu, saa kumi jioni, jua liko nyuzi 38 hivi. Ukipima kwenye urefu wa benchi, kivuli cha paa la mita 2.4 kimehama mita 2.5 kwenda mashariki. Paa letu kwa upande huo lilikuwa na mita 3. Maana yake chini ya paa kinabaki kivuli cha nusu mita, na kivuli kingine chote kimelala nje, kwenye vumbi, hakina mtu wala benchi. Saa nne asubuhi kimehama mita 1.5 kwenda magharibi.

Ndipo nikakumbuka mashimo. Tulirudi kiwanjani na futi kamba. Ni Ramadhani, mama lishe hapiki mchana. Anaanza kukaanga saa tisa, wateja wa futari wanajaa kuanzia saa kumi na moja. Tulipima mashimo ya benchi lake kuzunguka mwarobaini, jozi kwa jozi, tukayachora. Yakatoka nusu duara, asubuhi magharibi ya mti, jioni mashariki yake. Nilimwuliza mbona asingeweka mabenchi mawili. Akasema, "Binti yangu, hilo la pili nani analinunua?"

Mabadiliko yalikuwa mawili, na la kwanza halikugharimu kitu. Tumelizungusha paa: upande wa mita 6 sasa unakwenda mashariki na magharibi. Kivuli kikihama mita 2.5, bado mita 3.5 ziko chini ya paa. La pili ni mabenchi. Tuna mawili: la asubuhi karibu na ncha ya magharibi, na la jioni tumeliweka mashariki, nje ya paa kabisa, mita 1.2 kutoka ukingoni.

Kwa mchana tulitafuta ukanda ambao jua la saa sita haliufikii mwaka mzima. Juni kivuli kinasogea kusini mita 1.13, Desemba kinasogea kaskazini mita 0.58. Kwenye upana wa mita 3 unabaki ukanda wa mita 1.3, umeegemea kusini. Hapo ndipo wazee wa drafti watakaa. Kwa chati yangu ya zamani tungewaweka sentimita 55 kaskazini zaidi, na Juni nzima jua la mchana lingewapiga magotini.

Kwenye juri, yaani kikao cha kuhakiki miradi, watu walicheka walipoona benchi nje ya paa. Mmoja wa wageni aliuliza kama ni kosa la uchoraji. Tukaweka modeli dirishani, tukainamisha mpaka saa kumi.

13 Aprili 2024. Mirunda ya kuegemeana

Hii ndiyo hatua niliyoipenda kuliko zote na ndiyo iliyokufa. Kwa muundo tulitaka paa lisilo na boriti kuu: mirunda minane, kila mmoja unaegemea mwenzake wa mbele, wa mwisho unapita chini ya wa kwanza, duara linajibeba lenyewe. Modeli ya vijiti vya mishikaki na uzi ilibeba tofali zima. Tuliipiga picha kutoka pembe zote.

Leo tumejaribu kwa mirunda ya kweli, mivinje ya mita 3, kwenye uwanja wa karakana. Saba iliingia. Wa nane ulipaswa kupita chini ya wa kwanza, lakini palikuwa na pengo la sentimita 11. Tukasukuma, tukafunga waya, tukatoa nguzo ya muda iliyokuwa katikati. Duara lilijizungusha taratibu kama mtu anayekaa chini, halafu likaanguka lote. Miwili imevunjika. Hakuna aliyeumia kwa sababu fundi alitulazimisha tufunge kamba ya akiba kwanza na tusimame mbali.

Sababu aliisema yeye, akiwa amekaa juu ya mmoja wa mirunda hiyo. "Injinia, mishikaki imechongwa na mashine. Mti una kitako na una ncha." Kitako sentimita 8, ncha 5. Kwenye muundo huu unene wa kila makutano ndio unaoamua kimo cha mrunda unaofuata, hivyo kila tofauti inabebwa mbele. Mpaka umalize duara, tofauti ndogo nane zimekuwa pengo moja. Inawezekana kupanga kitako na ncha kwa zamu na kuchonga kila kiungo kwa kipimo chake, lakini hiyo ni kazi ya wiki tatu na fundi mzoefu, na boom ya muhula (pesa ya mkopo wa wanafunzi) ilikuwa inaishia.

Tumerudi kwenye fremu ya kawaida, kwa aibu kidogo. Nguzo sita, safu mbili za tatu tatu, boriti zikipita juu, mishazari kwenye kona. Nafasi kati ya nguzo hatukuivusha mita 3. Nyumba za mawe za Unguja zina vyumba vyembamba kwa sababu hiyohiyo, boriti ya mkoko inachoka zaidi ya hapo. Kichwa cha kila nguzo kimechongwa mdomo boriti ikae, binding waya mizunguko sita, halafu juu yake mkanda wa tyubu ya gari uliovutwa sana. Waya unashika, tyubu inazuia waya kulegea.

Gharama ya jaribio: mirunda 8 kwa 4,000, waya kilo 2 kwa 10,000, usafiri 15,000. Jumla 57,000. Mirunda sita imesalimika na itatumika.

27 Aprili 2024. Ndoo za zege

Ofisi ya serikali ya mtaa imetukubalia kwa sharti moja: tusichimbe, kiwe kitu cha kuondolewa. Kwa hiyo kila nguzo inasimama ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojazwa zege. Ndoo moja ina kilo 46 hivi. Sita ni 276.

Tulidhani shida ni paa kuanguka. Mhadhiri wa miundo akasema shida ya paa jepesi ni kuruka. Hesabu ya mkono: upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, unasukuma karibu nyutoni 240 kwa kila mita ya mraba. Paa lina mita za mraba 18. Hiyo ni nyutoni 4,320, sawa na uzito wa kilo 440 ukivuta kwenda juu. Bati au makuti yaliyobana yangeondoka na ndoo zake. Makuti tulikuwa tumeshayakataa hata hivyo, kwa ajili ya jiko la mama lishe.

Tumechagua mabanzi ya kiwanda cha mbao, vipande vya pembeni ambavyo watu hujengea mabanda ya nguruwe na uzio. Upana sentimita 10 kwa wastani, yamepangwa kwa matabaka mawili: tabaka la chini banzi na nafasi, la juu limesogezwa ili kila banzi lifunike nafasi ya chini. Jua la utosini halipiti, upepo unapita kwa kuzunguka. Tulitaka kugawa kani ya upepo kwa mbili kwa sababu ya nafasi hizo, mhadhiri akakataa. Tuhesabu kana kwamba paa limeziba, akasema, kilichozidi kiwe akiba. Mabanzi yenyewe yana kilo 200 na ushee. Ukijumlisha na ndoo sita unapita 440 kwa kidogo tu, hivyo tumeongeza ndoo mbili kwenye kona za kusini, kusi inakotoka. Mfuko mmoja wa saruji ulitosha ndoo zote nane.

6 Mei 2024. Dimbwi

Juzi kimbunga Hidaya kimeingia Mafia. Fremu yetu ilikuwa imesimama bila paa, na haikusogea, kwa hiyo sina cha kujivunia wala cha kujifunza kuhusu upepo. Kuhusu maji ninacho. Mvua za Aprili na za siku hizi zimeonyesha kwamba sehemu tuliyotengea benchi la jioni, ile ya nje ya paa, ni dimbwi la mita 4. Desemba nilikuja kukiwa kukavu, nikapima kila kitu isipokuwa mteremko.

Dawa: tulijaza kifusi kutoka kwenye ukuta uliobomolewa jirani, bure, tukakanyaga kwa miguu na gogo, juu kokoto ndogo. Tumepandisha sentimita 15 na kuacha mfereji wa kupitisha maji kwenda barabarani. Nusu siku, watu watano, wawili wao bodaboda waliojitolea baada ya kuuliza kama benchi litakuwa lao.

1 Juni 2024. Paa limepanda, mistari imeshuka

Mabanzi 60 yamepakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa na kupigiliwa siku mbili. Saa sita kulikuwa na kivuli kizuri kiasi kwamba fundi alilala chini yake. Saa nane bado pazuri.

Kati ya saa tisa na saa tisa na nusu kiwanja kiligeuka punda milia. Mistari ya jua, sentimita 10 kwa 10, ikapita juu ya kila uso na kila sahani. Mzee mmoja wa drafti aliinua ubao, akausogeza, mstari ukamfuata, akaukunja ubao na kwenda zake.

Nilikaa chini nikachora pembe na jibu lilikuwa wazi la kutia hasira. Matabaka yako sentimita 10 mbali. Mabanzi yanakwenda kaskazini na kusini. Jua likishuka mpaka kuwa kama nyuzi 45 kuelekea magharibi, kivuli cha banzi la juu kinasogea sentimita 10, kinaangukia juu ya banzi la chini badala ya nafasi, na nafasi zote zinafunguka kwa pamoja. Tulikuwa tumetengeneza mlango unaofunguka kila siku saa tisa na robo. Modeli ya 1:20 isingetuonyesha, kwa sababu pale mabanzi yote tuliyafanya karatasi moja yenye mistari ya kalamu.

16 Juni 2024. Kugeuza mabanzi

Dawa ni mbili zikienda pamoja. Mabanzi yageuzwe yafuate mashariki na magharibi, ili jua likitembea kutwa liende sambamba nayo. Na matabaka yakaribiane, sentimita 5 badala ya 10. Kwa mpangilio huu Machi nafasi hazifunguki karibu kabisa. Juni, jua likiwa limeegemea kaskazini, mchana zinafunguka kwa sentimita 3, na saa kumi jioni karibu 5, nusu ya nafasi. Inabaki kuwa madoa, si mistari.

Papi kumi, mbao nyembamba za kutenganisha matabaka, tulikuwa tumezipandanisha mbili mbili. Tulizitenganisha zikawa tano za chini, za kubeba, na tano za kati ya matabaka. Bahati hatukuwa tumezikata, tulizipishanisha tu, la sivyo zisingefika mita 3. Kung'oa misumari kuliharibu mabanzi saba. Fundi siku moja 30,000, misumari 5,000, mabanzi mapya 8,400. Jumla ya kosa: 43,400.

29 Juni 2024. Hesabu na yaliyobaki

Mwanga tulipima kwa simu tarehe 21, jua likiwa juu kabisa saa sita na dakika 25. Namba zenyewe sizichapishi kwa sababu simu tatu zilitoa namba tatu. Uwiano ulikaribiana kwa zote: chini ya paa ni kama sehemu moja kwa sita ya nje. Michoro ilitupa asilimia 15.

Pesa za paa lenyewe: mirunda 16 mipya 64,000, mabanzi 72,000, papi 45,000, saruji 16,000, ndoo zilizotumika 16,000, mchanga na kokoto 20,000, misumari 15,000, waya 10,000, oili 10,000, usafiri 35,000, fundi siku tatu 90,000. Jumla 393,000, kila mmoja wetu 131,000. Ukiongeza chumba cha mwanga, jaribio lililoanguka, kugeuza mabanzi, pamoja na modeli na uchapaji wa michoro (62,000), mwaka mzima umekula 569,900. Mabenchi ni vipande vya mirunda na mabanzi yaliyobaki, hayamo.

Benchi la jioni, lile la nje, linajaa kuanzia saa tisa. La asubuhi halikaliwi. Saa nne watu wako kazini, na waliopo wanapenda ukuta wa duka kwa sababu kuna soketi ya kuchajia simu. Tutalihamisha. Mama lishe hajahamia kwetu. Ameleta benchi lake la zamani na analikokota kama kawaida, sasa kutoka kwenye mwarobaini hadi ukingo wa mashariki wa paa. Kuna jozi mbili mpya za mashimo pale kwenye kokoto. Benchi letu la jioni analitumia kupangia sahani, na wateja wanakaa kwenye lake.

Yaliyobaki: tyubu kwenye nguzo ya kaskazini magharibi imeanza kupasuka kwa jua, ibadilishwe kabla ya vuli. Mabanzi mawili yanapiga kelele upepo ukija. Tarehe 10 Oktoba nitarudi na msumari.